Jinsi ya Kutafiti Sheria za Mawasiliano na Vyombo vya Habari za Ulaya, na Mahali pa Kujifunzia

Karibu kila waraka unaohusu udhibiti wa mawasiliano na vyombo vya habari Ulaya uko wazi mtandaoni, bila malipo. Sheria, rasimu, hukumu, hata barua ambazo Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, huziandikia mamlaka za nchi wanachama, zote zinapatikana. Mtafiti mchanga huangushwa na kushika waraka usio sahihi: rasimu akidhani ni sheria, toleo la zamani akidhani ndilo linalotumika, au sheria ya Brussels wakati jibu liko Paris au Dublin. Hatua zifuatazo zimepangwa ili kuziba mianya hiyo mmoja baada ya mwingine. Baadhi zinatumia mfano mmoja: sharti linalozitaka huduma za filamu mtandaoni ziwe na angalau asilimia 30 ya kazi za Ulaya.

Hatua ya 1: Libane swali

Swali linalotafitika hutaja vitu vinne: wajibu, huduma, nchi na tarehe. "Udhibiti wa vyombo vya habari Ulaya" ni mada ya maktaba nzima. Hili ndilo swali: "Mwaka 2024, je, huduma ya filamu iliyosajiliwa Uholanzi na yenye wateja Ufaransa ilipaswa kuchangia fedha za kutengeneza filamu nchini Ufaransa?" Kati ya vitu hivyo vinne, tarehe ndiyo inayosahaulika sana, nayo ndiyo inayobadilisha jibu mara nyingi zaidi.

Hatua ya 2: Zitenganishe taasisi mbili zinazofanana majina

Umoja wa Ulaya una nchi 27, na mahakama yake iko Luxembourg. Baraza la Ulaya ni jumuiya nyingine kabisa, yenye nchi 46 tangu Urusi ilipoondolewa Machi 2022. Makao yake ni Strasbourg, na huko ndiko iliko Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Uhuru wa kujieleza uko katika ibara ya 10 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu kwa upande wa Strasbourg, na katika ibara ya 11 ya Hati ya Haki za Msingi kwa upande wa Umoja. Andiko linalosema "Mahakama ya Ulaya iliamua" bila kutaja ni ipi halijasema kitu.

Tofauti hii ina uzito hata katika mambo ya fedha. Uingereza ilitoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, na wengi walidhani tamthilia zake zimetoka pia katika hesabu ya kazi za Ulaya. Hazikutoka. Ibara ya 1 ya sheria ya huduma za sauti na picha (Agizo 2010/13, tutakaloliona katika hatua ya 3) inazihesabu pia kazi kutoka nchi za Ulaya zilizo nje ya Umoja, mradi nchi hizo ni wanachama wa Mkataba wa Ulaya wa Televisheni Inayovuka Mipaka. Mkataba huo ni wa Baraza la Ulaya, na Uingereza bado ni mwanachama. Anayechanganya taasisi hizi mbili atakosea asilimia za katalogi nzima.

Hatua ya 3: Jua aina ya sheria, kisha toleo lake

Umoja wa Ulaya hutunga sheria za aina mbili kuu. Kanuni hufanya kazi moja kwa moja katika kila nchi, kama sheria ya nyumbani. Agizo huweka lengo na tarehe ya mwisho, halafu kila bunge la taifa hutunga sheria yake ya kulifikia. Ukisoma Agizo peke yake hujasoma bado sheria inayomfunga mtu.

Zilizo za lazima kuwa nazo mezani ni hizi:

- Agizo 2010/13/EU la huduma za sauti na picha, lililorekebishwa kwa Agizo 2018/1808. Nchi zilipewa hadi tarehe 19 Septemba 2020 kuyaingiza marekebisho hayo katika sheria zao.
- Agizo 2018/1972, msimbo wa mawasiliano ya kielektroniki, unaogusa simu, intaneti na masafa.
- Kanuni 2022/2065 ya huduma za kidijitali, inayotumika kikamilifu tangu tarehe 17 Februari 2024.
- Kanuni 2024/1083 ya uhuru wa vyombo vya habari.

Hiyo ya mwisho ni somo zuri la tarehe. Iliingia kwenye vitabu tarehe 7 Mei 2024, lakini ibara zake zilianza kutumika kwa mafungu. Ibara ya 3, inayohusu haki ya wananchi kupata habari za aina mbalimbali, ilianza tarehe 8 Novemba 2024. Ibara za bodi mpya ya wadhibiti zilianza tarehe 8 Februari 2025, sehemu kubwa ya zilizobaki tarehe 8 Agosti 2025, na ibara ya 20 itasubiri hadi tarehe 8 Mei 2027. Kuandika kwamba "Kanuni hii inatumika tangu 2024" ni kosa, na msahihishaji makini atalizungushia wino mwekundu.

Hifadhi rasmi ya sheria ni EUR-Lex, na kila waraka humo una namba ya CELEX. Jifunze kuisoma, maana itakuokolea saa nyingi. Chukua 32010L0013. Tarakimu ya kwanza, 3, maana yake ni sheria iliyopitishwa. 2010 ni mwaka, L ni Agizo (Kanuni ingekuwa R), na 0013 ni namba ya sheria. Ikianza na 5, uko kwenye maandalizi: 52022PC0457 ni pendekezo la Tume lililozaa ile Kanuni ya 2024, na ibara nyingi zilibadilika kabla ya kupitishwa. Ikianza na 6 ni hukumu, ikianza na 7 ni hatua za kitaifa za kutekeleza Agizo, na ikianza na 0 ni toleo lililounganishwa pamoja na marekebisho yake yote. Toleo hilo lina tarehe mwishoni: 02010L0013-20181218 ni Agizo lilivyosomeka kuanzia tarehe 18 Desemba 2018. Soma toleo lililounganishwa ili uelewe, lakini fahamu kwamba lenyewe halina nguvu ya kisheria. Nguvu iko kwenye maandishi ya Gazeti Rasmi la Umoja wa Ulaya.

Jihadhari pia na aya ndefu zenye namba zinazotangulia ibara ya kwanza. Ni maelezo ya nia ya watunga sheria, na mahakama huyatumia kufasiri ibara. Hayaweki wajibu juu ya mtu yeyote. Wanafunzi huyanukuu kama sheria kwa sababu yameandikwa kwa lugha nyepesi kuliko ibara zenyewe.

Hatua ya 4: Tafuta nchi yenye mamlaka

Msingi wa sheria ya utangazaji ya Umoja ni kwamba huduma husimamiwa na nchi ilikosimikwa, hata kama watazamaji wako kwingine. Netflix kwa Ulaya imesimikwa Uholanzi, kwa hiyo mdhibiti wake mkuu ni Commissariaat voor de Media. Mtazamaji wa Berlin mwenye malalamiko atashangaa, lakini ndivyo ilivyo. Ili kujua huduma au stesheni fulani iko chini ya nchi gani, fungua MAVISE, hifadhidata ya Kituo cha Ulaya cha Uchunguzi wa Sauti na Picha kilichoanzishwa Strasbourg mwaka 1992. Ni bure.

Kisha rudi EUR-Lex kwenye ukurasa wa Agizo, ufungue sehemu ya hatua za kitaifa. Utaona orodha ya sheria za kila nchi. Orodha hiyo hujazwa kwa taarifa za nchi zenyewe, kwa hiyo nchi kuwemo si uthibitisho kwamba imetekeleza sawasawa. Sheria yenyewe itakuwa kwa Kiholanzi au Kifaransa. Mashine ya tafsiri inatosha kukuonyesha ibara iko wapi. Kwa maneno yatakayobeba hoja yako, tafuta msomaji wa lugha hiyo.

Ufaransa inaonyesha pale msingi huo wa nchi ya asili unapolegea. Ibara ya 13(2) ya Agizo 2010/13 inaruhusu nchi kudai mchango wa fedha hata kwa huduma iliyosimikwa nje, ikiwa huduma hiyo inawalenga watazamaji wake, na mchango huo ukokotolewe kwa mapato ya nchi hiyo tu. Ufaransa ilitumia nafasi hiyo kwa amri namba 2021-793 ya tarehe 22 Juni 2021: huduma kubwa za usajili huchangia asilimia 20 ya mapato yao ya Ufaransa, au asilimia 25 zikionyesha filamu ambazo hazijafikisha miezi 12 tangu zitoke kwenye majumba ya sinema. Kwa hiyo lile swali la hatua ya kwanza jibu lake ni ndiyo, ikiwa huduma hiyo ni kubwa vya kutosha, na sababu yake haisomeki Brussels peke yake.

Msomaji aliyezoea TCRA ya Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambako simu na utangazaji viko chini ya mamlaka moja, asidhani Ulaya nzima iko hivyo. Italia inafanana na sisi, kwani AGCOM inashika vyote. Ujerumani ni kinyume: simu ziko chini ya Bundesnetzagentur, ilhali redio na televisheni za kibinafsi zinasimamiwa na mamlaka 14 za majimbo. Deutsche Welle, inayotangaza kwa Kiswahili kutoka Bonn, haimo hata humo. Ina sheria yake ya shirikisho, na husimamiwa na mabaraza yake ya ndani.

Hatua ya 5: Fanya hesabu jinsi sheria inavyotaka

Asilimia 30 ya nini? Ibara ya 13(1) haisemi ihesabiwe vipi. Jibu liko katika miongozo ya Tume ya tarehe 7 Julai 2020: hesabu kazi, wala si dakika. Filamu moja ni kazi moja. Kwa tamthilia, kila msimu ni kazi moja. Na hesabu hufanywa kwa katalogi ya kila nchi, maana katalogi ya Ureno na ya Poland za kampuni moja hazilingani.

Chukua katalogi ya mfano yenye filamu 900, kati yake 240 za Ulaya, na tamthilia 150 zenye jumla ya misimu 300. Tamthilia za Ulaya ni 40, zenye misimu 130. Kwa njia sahihi, kazi zote ni 1,200 na za Ulaya ni 370, yaani asilimia 30.8. Huduma imefaulu. Ukihesabu tamthilia nzima kama kazi moja, unapata 280 kati ya 1,050, yaani asilimia 26.7, na utaandika kwamba huduma imevunja sheria. Data ni zile zile, na kosa ni la mhesabuji.

Kabla ya kuhukumu, angalia pia misamaha. Ibara ya 13(6) inaziachilia huduma zenye mapato madogo au watazamaji wachache, na miongozo inapendekeza vizingiti vya euro milioni 2 kwa mauzo na asilimia 1 kwa watazamaji. Kumbuka vilevile kwamba sharti ni la pande mbili: kazi ziwepo, na zionekane. Katalogi inayotimiza asilimia 30 huku ikizificha filamu za Ulaya mwishoni kabisa haijatimiza sheria. Kuonekana huku ni kugumu kupimika, na kwa maoni yetu ndiko kunakostahili tasnifu mpya zaidi kuliko hesabu ya asilimia.

Hatua ya 6: Soma hukumu mpaka kwenye sababu

Hukumu za Luxembourg ziko Curia, tovuti ya mahakama hiyo, na EUR-Lex, na za Strasbourg ziko HUDOC, hifadhidata ya mahakama ya huko. Anza na muhtasari wa kisheria katika IRIS Merlin, ambayo ni bure kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, kisha lazima uende kwenye hukumu yenyewe.

Mbili zinatosha kuonyesha jinsi mahakama hizi zinavyofikiri tofauti. Katika Informationsverein Lentia dhidi ya Austria, mwaka 1993, Strasbourg iliona kwamba ukiritimba wa utangazaji wa umma wa Austria ulikiuka uhuru wa kujieleza. Hoja ilikuwa haki ya mtu kusema na ya wengine kusikia. Katika kesi C-719/18, Vivendi, ya tarehe 3 Septemba 2020, Luxembourg ilikabiliwa na sheria ya Italia: kampuni yenye zaidi ya asilimia 40 ya mapato ya sekta ya mawasiliano ya kielektroniki isipate zaidi ya asilimia 10 ya mapato ya mfumo mzima wa habari. Mahakama ilikubali kwamba kulinda wingi wa sauti ni lengo halali, lakini ikaona vipimo hivyo havikuwa na uhusiano na hatari yenyewe. Hoja ilikuwa uhuru wa kuanzisha biashara. Kwa hiyo ukitaka kutetea kikomo cha umiliki mbele ya Luxembourg, njoo na ushahidi kwamba asilimia uliyochagua inapima kitu.

Hatua ya 7: Upande wa simu na intaneti

Hapa utaratibu ni mkavu zaidi na unafuatilika kirahisi. Mdhibiti wa taifa huchambua soko, na akikuta kampuni yenye nguvu kubwa, huandaa masharti na kuyapeleka kwa Tume, kwa wadhibiti wenzake na kwa BEREC, chombo chao cha pamoja ambacho ofisi yake iko Riga. Wana mwezi mmoja wa kutoa maoni. Tume ikiwa na shaka nzito, miezi miwili huongezwa. Soma rasimu, maoni na uamuzi wa mwisho kwa pamoja, kwa sababu tofauti kati ya vitatu hivyo ndiyo data yako. Orodha ya masoko yanayopendekezwa kuchunguzwa ilikuwa na masoko 18 mwaka 2003. Ya Desemba 2020 ina 2.

Hatua ya 8: Omba data za majukwaa

Jukwaa lenye wastani wa watumiaji milioni 45 kwa mwezi ndani ya Umoja linaweza kutangazwa na Tume kuwa kubwa sana, na hapo ibara ya 40 ya Kanuni 2022/2065 inaanza kumfaa mtafiti. Kuna milango miwili. Ibara ya 40(12) inahusu data zilizo wazi kwa umma tayari, na ombi hupelekwa kwenye jukwaa lenyewe. Ibara ya 40(4) inahusu data za ndani. Hapo unahitaji kuidhinishwa na mratibu wa huduma za kidijitali wa nchi ilikosimikwa kampuni, ambaye kwa majukwaa mengi makubwa ni Coimisiún na Meán ya Ireland.

Ombi la mlango wa pili hukwama kwa sababu zinazojulikana. Mwombaji awe chini ya taasisi ya utafiti, asiwe na maslahi ya kibiashara, aseme nani anamlipa, aeleze data zitalindwa vipi, na aahidi kuchapisha matokeo bila malipo. Zaidi ya yote, aonyeshe kwamba data zile zile anazoziomba ni za lazima kwa kuchunguza hatari za kimfumo ndani ya Umoja. "Machapisho yote ya mwaka mzima" litakataliwa. Taja aina ya data, kipindi, lugha na sababu ya kila safu. Jukwaa nalo lina siku 15 za kuomba ombi libadilishwe, kwa mfano likidai siri za biashara, kwa hiyo weka nafasi hiyo kwenye ratiba. Mlango wa kwanza nao una meno: tarehe 5 Desemba 2025 Tume iliitoza X euro milioni 120, na kuwazuia watafiti kupata data za wazi kulikuwa mojawapo ya makosa matatu.

Wanaotafiti Kiswahili wajue mpaka ulipo. Ibara ya 42 inayataka majukwaa yataje idadi ya wahakiki wa maudhui kwa kila lugha rasmi ya nchi wanachama. Lugha rasmi za Umoja ni 24, na Kiswahili hakimo. Idadi ya wahakiki wa Kiswahili haitolewi kwa lazima ya sheria hii, hata kama wazungumzaji wanaishi Brussels au Stockholm. Swali hilo itabidi ulijenge kwa ushahidi mwingine.

Hatua ya 9: Tumia vipimo kwa tahadhari

Kipimo kinachonukuliwa sana ni Media Pluralism Monitor, cha kituo cha wingi na uhuru wa vyombo vya habari kilichoko Florence, katika Chuo Kikuu cha Ulaya. Kina maeneo manne: ulinzi wa haki za msingi, wingi wa sauti sokoni, uhuru dhidi ya siasa, na ushirikishwaji wa makundi ya jamii. Viashiria ni 20, na alama huenda kutoka 0 hadi 100. Alama kubwa ni hatari kubwa, na wengi huisoma kinyume. Maswali hurekebishwa kati ya matoleo, kwa hiyo usichore mstari wa miaka kumi kabla ya kulinganisha dodoso. Soma ripoti ya nchi, kwa sababu sababu ziko mle.

Hatua ya 10: Chagua mafunzo

Florence School of Regulation, iliyoanzishwa mwaka 2004 ndani ya hicho chuo cha Florence, hufundisha watu wa mamlaka, makampuni na wanafunzi, kwa kozi za mtandaoni na za kuhudhuria. Inamfaa aliyeko kazini TCRA au kwenye kampuni ya simu, hasa kwa uchambuzi wa masoko, masafa na bei. Anayetaka sheria ya habari yenyewe, kujieleza, hakimiliki na faragha, aangalie IViR, taasisi ya sheria ya habari ya Chuo Kikuu cha Amsterdam. Wanaosoma Kijerumani wana Taasisi ya Sheria ya Habari ya Ulaya huko Saarbrücken na Taasisi ya Hans-Bredow huko Hamburg. Kwa udaktari Florence, soma masharti ya ufadhili kabla ya kuandika chochote, maana sehemu kubwa hutolewa na nchi wanachama kwa vigezo vya uraia.

Ushauri wetu kwa anayejilipia ni kuanza na kozi ya mtandaoni, akiwa ameshasoma Agizo 2010/13 mwanzo hadi mwisho. Kozi fupi ya kuhudhuria hulipa pale tu unapokwenda na maswali yako, kwa sababu faida yake kubwa ni kukaa meza moja na wadhibiti wa nchi nyingine.

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen hata kwa kozi ya siku tatu. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, na bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Viza hiyo inaruhusu siku 90 ndani ya siku 180. Programu ndefu zaidi inataka viza ya taifa husika, kwa hiyo anza kushughulika mara tu barua ya kukubaliwa inapofika, na hakikisha barua hiyo inataja tarehe kamili za masomo na nani anayelipa.